Njia ya Mtoni na Mbwa wa Mjomba

Atokaye Mombasa kwenda Kwale huvuka kivuko cha Likoni, akapita Ng'ombeni hadi Kombani, kisha barabara ikaanza kupanda. Hapo ndipo upepo hubadilika. Joto la pwani hubaki chini, na mbele ya msafiri hutokeza Milima ya Shimba, ambayo kwa hakika si milima ya kutisha, bali ni vilima vya mviringo vilivyovikwa msitu. Jumamosi moja ya likizo ya shule niliwachukua wanangu wawili, binti wa miaka 12 na kijana wa miaka 9, tukaenda kumzuru mjomba wangu, ambaye hulima mahindi, mihogo na michungwa katika kijiji kinachopakana na msitu huo.

Tulipokaribia nyumba, mbwa alitujia mbio. Alikuwa wa rangi ya mchanga, na sikio lake moja lilikuwa limechanika. Kabla sijatamka neno, mwanangu aliokota jiwe akamtupia, nalo likampata mguu wa nyuma. Mbwa alilia, akarudi kando ya ghala akichechemea. Mjomba alikuwa ameketi barazani na aliyaona yote. Hakumgombeza mtoto. Alinitazama mimi, nami nikainamisha macho, kwa kuwa nilijua somo lile limetoka wapi. Nilipokuwa na umri wa mwanangu, mimi na wenzangu tulikuwa tukiwafukuza mbwa wa mtaani kwa mawe kuanzia kona hadi kona, wala hapana mzee aliyetukataza.

Baada ya chai na mihogo ya kuchemsha, Mjomba alisimama akachukua bakora yake.

"Mjukuu wangu," alisema, "leo utanisindikiza mtoni. Na huyu uliyempiga ndiye atakayetutangulia."

"Lakini Babu, mbwa si najisi?"

"Mate yake ni najisi kwetu sisi Mashafii. Na najisi ina maji yake na udongo wake. Jiwe halitwaharishi kitu."

Tukashika njia. Mbwa, ambaye jina lake ni Simba, alikwenda mbele hatua kama 20, akigeuka mara kwa mara kuhakikisha kwamba tunamfuata. Alikuwa akiukanyagia mguu ule kwa tahadhari, nami kila nilipouona nilihisi kwamba natazama kosa langu likitembea mbele yangu.

Njia ile ni nyepesi hata kwa mtoto. Hupita kwanza kati ya michungwa na mikanju, ikashuka kwenye mashamba ya mihogo, kisha ikafuata ukingo wa msitu. Mjomba alituonyesha mbambakofi, mti ambao mbao zake mafundi wa Lamu wamezichonga milango tangu zamani, na chini yake watoto wakaokota mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Juu ya matawi walipita mbega, weusi wenye mabega meupe, bila kishindo. Mbali kidogo hondohondo alilia kwa sauti kama ya mtoto mchanga, na binti yangu akasimama ghafla akidhani kuna mtu ameachwa msituni.

Njiani Mjomba alieleza kwa nini humfuga Simba. Usiku nguruwe mwitu huja kufukua mihogo, na mchana nyani huingia katika mahindi kwa makundi. Mkulima asiye na mbwa hulima kwa ajili ya wanyama. Sheria yetu imelijua jambo hilo tangu mwanzo: imemruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na imemwonya anayemfuga bila haja kwamba thawabu zake hupungua kila siku. Akaongeza kwamba, katika madhehebu yetu, kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi, na kwamba ndugu zetu Wamaliki humwona mbwa kuwa tohara akiwa hai. "Kwa hiyo hukumu ni ya kuosha," alisema. "Hukumu ya kutesa hamkuipata kwa mwalimu yeyote."

Tulipoufikia waya wa umeme uliowekwa kuwazuia ndovu, Simba alisimama. Hakubweka. Masikio yalimsimama, akainua mguu mmoja, kisha akarudi taratibu akajibanza karibu na bakora ya Mjomba. Mzee alitunyamazisha kwa mkono. Kwa muda hatukusikia kitu. Halafu, upande wa pili, tawi kubwa likavunjika, na baada yake likaja lingine. Hatukumwona ndovu, wala hatukungoja kumwona. Tulizunguka kwa njia ya chini. Baadaye Mjomba alieleza kwamba mbwa mpiga kelele ni hatari mahali kama pale, kwa sababu ndovu akimkasirikia humfukuza, naye mbwa hukimbilia kwa mwenyewe. Simba alifundishwa kunyamaza na kurudi. Mwanangu alimtazama mbwa yule kwa jicho jingine, ingawa hakusema neno.

Mto tulioufikia ni mdogo, wa kuvuka kwa kukanyaga mawe. Maji yake ni baridi na safi, yakipita chini ya kivuli cha miti mikubwa. Sisi wa mjini hatufikirii sana vilima hivi, ilhali tunavihitaji kila siku: chemchemi za Marere, zilizomo humu, hupeleka maji hadi Mombasa, na mto Mkurumudzi huanzia huku ukashuka mpaka mikoko ya Gazi. Huenda maji tuliyotilia udhu nyumbani kwetu alfajiri ile yalitoka katika msitu huu.

Tukatawadha upande wa juu wa mto, naye Simba akanywa upande wa chini. Mjomba alitandika mkeka mahali pakavu, akatusalisha adhuhuri. Nilipotoa salamu ya pili nilimwona mbwa amelala mbali kidogo, mwanzo wa njia, amenyoosha mikono yake mbele, uso ameuelekeza msituni. Ilinijia Suratul Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa. Humo Mola amewataja vijana waliokimbilia pangoni kwa ajili ya imani yao, akamtaja pamoja nao mbwa wao aliyekaa kizingitini. Nimeisoma sura hiyo tangu utotoni. Ijumaa nilikuwa namsoma mbwa yule kwa tajwidi, na Jumamosi namtupia mawe ndugu yake.

Tulirudi alasiri ikikaribia, jua likiwa kali juu ya mashamba. Tulipofika nyumbani Simba alijitupa chini ya mwembe, ulimi nje. Watoto walikimbilia mtungi. Binti yangu alikunywa kwanza. Kijana alijaza kata, akaipeleka mdomoni, kisha akasita. Alikwenda jikoni akaomba kifuu cha nazi, akakimiminia maji yale, akakiweka mbele ya mbwa na kurudi nyuma hatua mbili. Simba alikunywa mpaka kifuu kikayumba. Mtoto akakijaza tena.

Ndipo Mjomba alipomsimulia habari ya mtu aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha, naye Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake, kama alivyotufundisha Mtume wetu (S.A.W.). Mwanangu aliuliza, "Hata kama kabla ya hapo alimpiga?" Mzee alicheka kidogo, akamshika kichwa, akamwambia hilo alitie katika dua yake.

Ndugu msomaji, likizo ijayo ukipenda kuwatembeza watoto huko, toka baada ya alfajiri, chukua maji ya kutosha na viatu vilivyofunika vidole, na umtafute mwenyeji akuongoze. Ukiingia ndani ya hifadhi yenyewe utaweza kumwona palahala, ambaye katika Kenya nzima hupatikana huko tu. Lakini huko mbwa haruhusiwi, na sisi ndiyo sababu tulibaki nje ya waya. Sikulijutia hilo.

Jioni, kabla ya kuondoka, nilikwenda chini ya mwembe. Sikumgusa Simba, kwa kuwa mazoea ya miaka 40 hayaondoki kwa siku moja. Nilikijaza kile kifuu, nikakiweka karibu yake. Alinyanyua kichwa, akanitazama, akapiga mkia chini mara mbili. Kisha tukaharakisha kuwahi matatu ya Likoni.