Mwalimu wa Nyumbani

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, mama alinikabidhi mdogo wangu wa miaka 6 nimfundishe nyumbani. Wacha mchezo! Kuzidisha alikujua, ilhali kusoma sentensi kulimtoa jasho. Majirani wakashauri arushwe madarasa mawili. Mama akakataa katakata. Basi nikawa namwandikia mafumbo ya hesabu kwa maneno, asome kwanza: “Jumlisha namba zote toka 1 hadi 10 bila kuhesabu moja moja.” Siku ya tatu akapiga kelele, “Dada, 1 na 10 ni 11, 2 na 9 pia! Jozi tano, 55!” Januari 2021 alirudi kwa wenzake akisoma vizuri. Kipawa chake kilikuzwa kwa swali gumu, si kwa kurukishwa madarasa.