Sauti ya Bibi kwa MB Tano

“Bando limekata,” shangazi aliniandikia. “Na mama sijamsikia hata salamu.”

Faili nililomtumia lilikuwa na MB 317.

Mwaka 1994 baba alikwenda Pangani likizo na redio kaseti yake, akaiweka uani juu ya kinu kilichopinduliwa, akamwomba bibi asimulie hadithi. Zilijaa kanda tatu za dakika sitini. Bibi alifariki kabla sijapata akili ya kumkumbuka, na baba naye ametangulia. Mwaka jana nilizikuta kanda zile kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki. Niliazima redio ya zamani, nikaiunganisha na kompyuta kwa waya, nikakaa kusikiliza. Kanda haina njia ya mkato: upande wa nusu saa unanakiliwa kwa nusu saa.

Nilirekodi kwa WAV kwa sababu WAV haitupi kitu. Kila sekunde inapimwa mara 44,100, kwa njia mbili, kushoto na kulia, na kila kipimo kinachukua biti 16. Dakika moja ni kama MB 10. Kwa mimi ninayetumia intaneti ya ofisini Dar es Salaam, hilo si tatizo. Shangazi ananunua bando la siku, na simu yake imejaa picha za harusi. Nilimtumia kiungo cha kupakua faili kwa furaha, bila kufikiri kwamba mtandao wangu si mtandao wake.

Nikajaribu MP3. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, upande mmoja ulikuwa bado karibu MB 29. Nilipoishusha hadi 32, bibi akawa kama anazungumza ndani ya pipa.

Ndipo nikaijaribu Opus. Ilipitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, na iko wazi: yeyote anaweza kuitumia bila kulipa mrabaha. Ndani yake zimeunganishwa mbinu mbili. Moja, SILK, ilitoka Skype na ilitengenezwa kwa ajili ya maongezi. Ya pili, CELT, ilitoka Xiph.Org na inaumudu vizuri muziki. Nilikuja kugundua kwamba hata ujumbe wa sauti wa WhatsApp unasafiri kwa Opus. Shangazi ameitumia miaka yote hiyo, kila anaponiuliza kama nimekula.

Kazi yenyewe ni mstari mmoja katika programu huria ya FFmpeg:

ffmpeg -i bibi.wav -ac 1 -c:a libopus -b:a 24k bibi.opus

Maana yake: chukua faili la bibi, lifanye la njia moja badala ya mbili, libane kwa Opus, kilobiti 24 kwa sekunde. Nusu saa ikawa MB 5.4.

Lakini sikuanza na 24. Nilianza na 12, kwa kuwa nilitaka kumpunguzia shangazi gharama. Ilitoka MB 2.7, na kila neno la bibi lilisikika. Nilikuwa karibu kuituma. Kisha nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza tena, kwanza WAV, halafu ile ndogo.

Katika WAV, nyuma ya bibi, kuna mtu anakuna nazi. Kwaru, kwaru, kwaru, upande mzima wa kanda. Kelele hiyo ilikuwa ikiniudhi, na nilishaanza kutafuta namna ya kuiondoa. Kwa kilobiti 12 ilikuwa imejiondokea yenyewe karibu yote. Opus ikipewa nafasi ndogo huziacha sauti kali za juu ili maneno yapone, na mkwaruzo wa mbuzi ya nazi ni sauti ya juu. Ulikuwa umebaki kama upepo wa mbali. Bibi alisikika kama anasimulia katika chumba kitupu. Sikuipenda hali ile, ingawa sikuweza kusema kwa nini. Nikarudia kwa 24, mbuzi ikarudi, nikatuma.

Kulikuwa na kitu kingine nilichopanga kukikata: katikati ya hadithi bibi ananyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani amesahau. Niliacha kwa uvivu tu.

Jioni shangazi alinijibu kwa ujumbe wa sauti. Alicheka kwanza. Kisha akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

“Mwanangu, anayekuna nazi hapo ni mimi,” alisema. “Umesikia mama aliponyamaza? Ananingoja nimalize kizio. Hakutaka hadithi inipite.”

Zile pande nyingine tano nimezibana kwa 24 vilevile, na kila Ijumaa namtumia mmoja. Rekodi kamili nimezihifadhi kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote, katika diski mbili zilizo nyumba mbili tofauti. Kilichotupwa na Opus hakirudishwi na programu yoyote.

Na ule ujumbe wa shangazi nimeuhifadhi pamoja nazo. Sikuubana upya, maana ulikuwa tayari Opus, na kuubana mara ya pili ni kuupunguza mara ya pili. Una sekunde 48. Nyuma yake kuna jogoo, na mtu anafagia uani.