Fanusi ya Baba, Betri ya Mwanangu

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisafiri kwa jahazi kutoka Malindi, Unguja, na taa yake ilikuwa fanusi moja ya mafuta. Kila usiku aliikagua mwenyewe, kwani moto baharini hauna jirani wa kuuzima.

Mwanangu anaishi ndani ya boti katika Regent's Canal, karibu na pale maji yapitapo chini ya Edgware Road. Alinialika nione taa na pampu alizozifunga mwenyewe. Nyaya zilipangika vizuri. Ila kutoka betri hadi ubao wa swichi hapakuwa na fyuzi.

"Ni volti 12 tu, Baba," akasema.

Nilikuwa karani, si fundi, lakini hesabu naijua. Kifaa cha wati 60 kwa volti 240 huvuta robo ampea. Kwa volti 12 huvuta ampea 5. Volti zikipungua, mkondo huzidi, na mkondo ndio uchomao waya. Fyuzi hukaa jirani na ncha chanya ya betri, ikatike kabla waya haujawaka.

Hakubishana. Tulinunua fyuzi, tukaifunga pamoja. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilikubali kulala botini mwake.