Likizo Yangu Kisiwani Mafia

Katika likizo ya mwezi wa Desemba nilibahatika kwenda Mafia, nyumbani kwa mama yangu. Mama alizaliwa Utende, akaolewa Dodoma, na sisi watoto tuliokulia penye mibuyu na vumbi jekundu tulimsikiliza akisimulia mambo ya bahari kama tunavyosikiliza hadithi za kale. Basi Mjomba alipopiga simu kwamba niende nikapumzike kwake wiki mbili, furaha ilinizidi. Bwenini niliwaambia rafiki zangu kwamba kuogelea kwangu si jambo la kujifunza, nimekurithi kwa mama. Hapo ndipo lilipoanzia kosa langu. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijapata kuingia katika maji yaliyonipita magoti.

Kabla sijaendelea, yafaa niwaeleze wasomaji ambao hawajafika huko. Mafia si kisiwa kimoja, bali ni fungu la visiwa vilivyo mbele ya delta ya mto Rufiji. Kile kikubwa, chenye mji wa Kilindoni, kina urefu wa kilometa 50 hivi. Upande wa kusini mashariki viko visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo, na kati ya hivyo na Utende ipo Ghuba ya Chole. Mwaka 1995 sehemu hiyo ya bahari, yenye kilometa za mraba 822, ilifanywa Hifadhi ya Bahari, nayo ndiyo ya kwanza katika Tanzania.

Tulipanda chombo Nyamisati. Mwanzo tulipita katikati ya mikoko, maji yametulia kama uji uliopoa, nami nikasimama omo nikijiona nahodha. Tulipotoka nje mawimbi yakatupokea. Sitaeleza mengi, ila chakula chote nilichokula asubuhi walikipata samaki.

Siku za kwanza zilikuwa za raha tupu. Asubuhi nilitembea ufukoni juu ya mchanga mweupe, mchana nililala chini ya mwembe, na mkaza mjomba alinipikia wali wa nazi kwa pweza. Maji yakijaa, bahari ilifika karibu na minazi; yakipwa, ilikwenda mbali hata wanawake wakatembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi zilielea mashua. Tulivuka kwenda Chole, nikaona popo wakubwa walao matunda wakining'inia mchana kutwa mtini kama miavuli iliyofungwa. Tulikwenda Juani kuyaona magofu ya Kua, mji ulioshambuliwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Siku moja, karibu na Kilindoni, niliona kwa mbali mgongo wenye madoa wa papa potwe. Huyo ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hula vijidudu vidogo mno, wala hana haja na mtu.

Mjomba ana mashua, na kazi yake ni kuwachukua wageni kwenda kutazama matumbawe. Jioni moja akaniuliza, "Mjomba, kesho nina wageni wawili. Waweza kuogelea?"

"Naweza, Mjomba."

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

Nilijibu hivyo kwa sababu niliona haya. Mtoto wa dada yake, damu ya Utende, nitasemaje kwamba naogopa maji?

Wageni wale walikuwa mzee mmoja wa Uholanzi na mkewe. Tulitia nanga penye mwamba ndani ya ghuba. Mjomba akatugawia miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia, akanipa na jaketi la kuelea. Wageni walivaa yao. Mimi niliivua yangu, nikasema inanibana. Kisha nikaruka.

Nilipotia uso majini niliona mambo ambayo sijapata kuyaona. Jicho la mtu halioni vizuri ndani ya maji matupu, lakini miwani huweka hewa mbele ya jicho, na kila kitu huonekana wazi, tena kikubwa na karibu kuliko kilivyo. Chini yangu palikuwa na bustani: matumbawe ya duara kama mawe ya kusagia, na mengine yenye matawi kama pembe za swala. Pono wa rangi ya buluu na kijani walikuwa wakitafuna mwamba, nami nikasikia meno yao yakilia kwa-kwa-kwa.

Furaha hiyo haikudumu dakika mbili. Wimbi dogo liliingia katika mrija, nikameza maji ya chumvi, nikashtuka. Nilitafuta pa kusimama, na mguu wangu ukatua juu ya tumbawe la matawi. Nilisikia likivunjika. Nikateleza, nikazama, nikapiga mikono, nikazama tena. Nakumbuka niliona tumbo la mashua juu yangu, nikamfikiri mama.

Mjomba aliwaacha wageni wake, akajitupa na nguo zake, akanishika kwapani na kunipandisha. Nilitapika maji, na damu ilikuwa ikinitoka unyayoni. Yule bibi wa Kiholanzi alinifunika kitambaa chake akisema, "Pole, pole." Safari ikavunjika. Tulirudi Utende mapema, na Mjomba akawarudishia wageni nusu ya nauli, ingawa wao hawakuidai.

Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alinipa kopo, akaniambia niingie ngamani nikumbe maji. Nilipokuwa nikikumba, akasema, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi ukinidanganya nitakusamehe, maana wewe ni mwanangu. Bahari haijui wewe mtoto wa nani."

Baadaye, alipoona nimetulia, alinieleza juu ya lile tumbawe. Watu wengi hudhani ni jiwe. Kumbe ni wanyama wadogo maelfu, wanaojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao hukaa mimea midogo sana inayowapa chakula na rangi kwa nguvu ya jua. Maji yakipata joto kupita kiasi mimea hiyo hutoka, na tumbawe hugeuka jeupe. Hali hiyo ikidumu, hufa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalipokufa, na ya Mafia pia. Kabla ya hapo kulikuwa na wavuvi waliopiga baruti. Tumbawe la duara huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka, au pungufu. Yale ya matawi hukua upesi zaidi, lakini nayo huhitaji miaka. "Wageni huja kwa ajili ya haya," alisema Mjomba, "na samaki tunaokula huzaliana humo. Kila anayesimama juu yake anasimama juu ya chungu chetu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko unyayo wangu.

Kuanzia kesho yake nilipewa mwalimu. Alikuwa binti wa mjomba, mwanafunzi wa darasa la tatu, mwenye umri wa miaka tisa. Alinipeleka penye mchanga, maji yakinifika kiunoni, akaniambia, "Kaka, lala kama ulalavyo kitandani. Ukishindana nayo utazama." Nilikuwa nimesoma darasani kwamba maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mtoni, kwa hiyo huubeba mwili vizuri zaidi, na kwamba kifua kilichojaa hewa huelea. Niliyajua hayo katika daftari tu. Siku tatu nzima miguu yangu ilizama na watoto wakanicheka. Siku ya nne nilijilegeza, nikajaza kifua hewa, nikaona mbingu juu yangu, na masikio yangu yakajaa ukimya. Nilikuwa naelea.

Siku mbili kabla ya kuondoka Mjomba alinirudisha kwenye mwamba. Safari hii nilivaa jaketi bila kuambiwa. Nilijilaza juu ya maji nisipige teke wala kugusa kitu. Kasa mmoja alipita chini yangu taratibu, kama mzee aendaye msikitini. Kisha nikaliona tumbawe langu. Tawi nililolivunja lilikuwa limelala mchangani, limeanza kushika ukoga wa kijani, na mahali lilipovunjikia palikuwa bado peupe. Nilipatazama kwa muda mrefu.

Wanafunzi wenzangu, nawasihi mkipata nafasi mwende Mafia. Mtapumzika, mtakula, na mtaona mambo yanayoshinda picha za vitabuni. Lakini akikuulizeni mtu kama mwajua kuogelea, semeni kweli. Kama hamjui, jifunzeni kwanza penye mchanga, hata kama mwalimu ni mtoto mdogo. Nanyi rafiki zangu wa bwenini niliowadanganya, sasa mmesoma habari yote. Naomba radhi.

Mwanafunzi, Kidato cha III