Chumba Kilichozibwa Madirisha

Mwishoni mwa miaka ya 1990, nilipoanza kutunza hati katika nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, kazi yetu ilinuka nafutalini. Kila rafu ilikuwa na vidonge vyake vyeupe, na vitabu vya familia tulivyoletewa na wazee havikukosa karafuu kati ya kurasa. Madirisha ya mbao yalifunguliwa asubuhi, yakafungwa tukienda zetu. Vumbi liliingia, chumvi ya bahari iliingia, na mchwa nao walijua njia. Hakuna aliyeisifu hali ile.

Fedha za mradi zilipopatikana, basi, tulifurahi. Nafutalini ikatupwa, vifua vyetu vikapata nafuu. Mafundi wakaziba kwa matofali madirisha ya chumba cha chini na kufunga viyoyozi. Siku zile mafunzo yote yalitoka Ulaya: unyevu wa hewa uwe asilimia 50 au 55, usipande wala kushuka zaidi ya asilimia 5. Kwenye karatasi ilipendeza.

Lakini bili ya umeme haikulipika, kwa hiyo viyoyozi vilizimwa ofisi ikifungwa. Hapo ndipo balaa lilipoingia. Hewa ya Unguja yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 24 au chini yake, na vitabu vyetu vilikuwa vimeshinda kutwa kwenye baridi kuliko hiyo. Usiku hewa ya nje ilipenya mlangoni ikavikuta. Asubuhi ukipitisha kidole kwenye mgongo wa kitabu cha ngozi, kilirudi na majimaji, kama umeshika chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Koga haihitaji zaidi ya hapo. Unyevu ukishapita asilimia 70 hivi inaota. Ikaanza kwenye gundi ya majalada, vidoa vya kijivu vyenye manyoya, kisha ikahamia pembezoni mwa kurasa.

Desemba 2009 umeme unaotoka bara ulikatika, na Unguja nzima ikakaa kizani hadi Machi 2010. Chumba cha chini, bila dirisha wala kiyoyozi, kikawa tanuri lenye ukungu. Tukaanza kuhamisha maboksi ghorofani, kwenye chumba ambacho fedha za mradi hazikukifikia. Mlinzi wetu, mtu mzima, alitutazama tukihema ngazini.

"Wanangu, si mliyaleta wenyewe hayo matofali?"

Kule juu daftari za hesabu za zamani zilikuwa na vumbi tu. Kuta nene za mawe na chokaa zilizuia joto lisipande na kushuka kwa ghafla, na upepo uliopita kati ya madirisha mawili haukuipa koga nafasi ya kutulia.

Umeme uliporudi hatukurudi chini. Tulifunga pangaboi zinazozunguka usiku na mchana kwa umeme kidogo, tukaweka nyavu madirishani, tukasogeza rafu mbali na ukuta, na kununua vipima unyevu viwili, kimoja cha ndani, kingine cha barazani. Hewa ya nje ikiwa mbichi kuliko ya ndani, hatufungui. Mwaka 2014 jumuiya za kimataifa za wahifadhi, IIC na ICOM-CC, zikatoa tamko kwamba utunzaji usitegemee kiyoyozi kama sharti, na kwamba mzunguko wa hewa na mbinu nyepesi zifikiriwe. Tulilisoma tukicheka.

Filamu ndizo zilizotushinda. Zile za asetati, kwenye makopo yao ya bati, zilinuka siki ukifungua kifuniko: filamu inapooza hutoa asidi, na asidi hiyo ikikosa pa kutokea huzidi kuiozesha. Kwa hizo pangaboi ni kazi bure. Tumezitoa kwenye makopo, tukazifunga kwenye mifuko isiyopitisha unyevu na kuziweka kwenye friza ili baridi ipunguze kasi ya kuoza, na jenereta pekee tuliyonayo ni ya friza hiyo.