Baiskeli ya Mwili Tulio Nao

Mtu aliyevuka miaka hamsini, na ambaye mizani humwonyesha kilo mia na zaidi, aghalabu hushauriwa atembee. Ni nadra kushauriwa apande baiskeli. Katika fikira za wengi hapa Mombasa, baiskeli ni chombo cha kijana anayetumwa dukani, cha muuza mikate na cha mchukuzi wa maji. Mtu mzima mwenye kitambi akionekana juu yake, watu hutabasamu. Sisi ni mume na mke, mmoja wa miaka 56 na mwingine wa miaka 52, na mwaka uliopita tulinunua baiskeli mbili. Tumeona tuwaandikie wasomaji wenzetu namna tulivyozichagua, kwani twajua hatuko peke yetu katika nyumba hizi za mahamri ya asubuhi, biriani ya Ijumaa na kukaa kitako mchana kutwa.

Tuanze kwa kuutaja uzito wetu, maana bila ya huo maneno yanayofuata hayatakuwa na faida. Tulipoanza kutafuta, mmoja wetu alikuwa na kilo 118 na mwingine kilo 94. Mwenye kilo 118 ana kisukari. Mwenye kilo 94 ana magoti yanayomuuma kila apandapo ngazi. Daktari alitwambia tujitahidi kufikisha dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukipendekeza kwa watu wazima. Kutembea tulijaribu, lakini magoti yalikataa baada ya robo saa. Baiskeli ina fadhila hii: kiti hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, na goti huzunguka pasi na kupigwapigwa na ardhi. Daktari alituridhia, na hapo kazi ya kuchagua ikaanza.

Sote wawili tulijua kupanda tangu utotoni. Mmoja alijifunza kwa Raleigh nyeusi ya marehemu baba yake, akipitisha mguu chini ya mtaimbo kwa kuwa hakufikia kiti. Mwingine alijifunza uani kwa bibi yake Malindi, mbali na macho ya njiani. Ni kweli kwamba mtu hasahau kupanda baiskeli. Lakini ujuzi uliobaki mwilini ni mmoja, na mwili wenyewe ni mwingine. Anayerejea baada ya miaka thelathini huelekea kuitafuta baiskeli ya kijana aliyekuwa zamani: nyepesi, nyembamba, ya mbio. Nasi tuliona mapema kwamba yatupasa kumnunulia mtu aliyepo leo.

Jambo hilo ni rahisi kuliandika kuliko kulitenda, kwa sababu linaanza kwa kuutaja uzito mbele ya mtu usiyemjua. Katika duka moja la mjini muuzaji alituhakikishia kwamba baiskeli zake zote humbeba mtu yeyote. Tukamwomba kijitabu cha maelezo, hakuwa nacho, tukamshukuru, tukaondoka. Baadaye tukamfikia fundi mmoja, mtu wa makamo, aliyetutazama kwa heshima na kuuliza waziwazi: “Ami, uniwie radhi, una kilo ngapi? Na mamangu hapa?” Palikuwa na vijana watatu wakingojea pancha zao. Tulinyamaza kidogo, kisha tukamjibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kilo naye huumbuliwa na gurudumu la nyuma.

Kwa nini gurudumu la nyuma? Fundi alitufafanulia kwa mfano wa mchukuzi wa maji. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80. Mchukuzi mwenyewe, tuseme ana kilo 60. Jumla ni kilo 140, na ile baiskeli nyeusi ya chuma, ambayo Wakenya huiita Black Mamba, huzibeba mwaka nenda mwaka rudi. Basi hakuna sababu ya mtu mnene kudhani kwamba baiskeli si chombo chake. Lakini tazama gurudumu la baiskeli hiyo, alisema: ni pana, rimu yake ni ya chuma kizito, na spoki zake ni nyingi na nene. Mtu akikaa wima kitini, sehemu kubwa ya uzito wake huliangukia gurudumu la nyuma, na hapo ndipo spoki hukatika. Waingereza wa zamani walilijua hilo. Magurudumu ya baiskeli zao za kawaida yalisukwa kwa spoki 32 mbele na 40 nyuma. Siku hizi kuna magurudumu ya spoki 28, hata chini ya hapo. Kwa mtu wa uzito wetu, fundi alisema, spoki 36 nyuma ndizo za kutafuta.

Baiskeli mpya zina jambo jingine la kuangalia. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha uzito na kukiandika katika kijitabu. Aghalabu kikomo hicho huwa kati ya kilo 100 na 136, nacho humjumlisha mpandaji pamoja na mizigo yake, na baadhi ya watengenezaji hujumlisha na baiskeli yenyewe. Tulipiga hesabu ya mmoja wetu: mwili kilo 118, mkoba na chupa ya maji kilo 4, baiskeli kilo 18, jumla kilo 140. Baiskeli iliyoandikiwa kilo 120 isingemfaa, hata ingekuwa nzuri namna gani machoni. Baiskeli za mitumba hazina kijitabu, kwa hivyo huna budi kuzikagua mwenyewe. Pitisha kidole penye maungio ya fremu utafute ufa. Zungusha gurudumu uone kama linakwenda mrama. Bana spoki mbilimbili kwa vidole, uhisi kama zote zimekaza sawasawa.

Ama tairi, tulichagua pana. Tairi pana hubeba uzito huo huo kwa upepo mdogo zaidi, na hupokea mashimo ya njia zetu kwa upole. Kiwango cha upepo huandikwa ubavuni mwa tairi, na mtu mzito asikidharau: tairi iliyolegea chini yake hubanwa hadi kwenye rimu, na tyubu hutoboka mara mbili kwa pigo moja. Sisi hupima kila Jumapili na tuna pampu yetu nyumbani. Foku yenye springi tuliiepuka, kwa kuwa ile ya bei nafuu hudidimia chini ya mtu mzito na kumnyang'anya nguvu anazokanyagia.

Breki tulizijaribu kwa makini kuliko vyote. Mtu wa kilo 118 anayeteremka kutoka Daraja la Nyali hahitaji kukanyaga pedeli ili aende kasi. Anahitaji njia ya kusimama. Zile breki za vyuma virefu za baiskeli nyeusi hupoteza nguvu rimu ikilowa mvua, na hiyo ndiyo iliyotufanya tusiichukue Black Mamba, pamoja na sifa zake zote. Tulitaka breki za waya zenye mipira mipya, mbele na nyuma, na tukazijaribu kwenye mteremko mdogo kabla ya kutoa fedha.

Likabaki suala la fremu, na hapo heshima ya mwanamume ilitiwa mizanini. Mwenye mwili mzito na nyonga ngumu hupata taabu kurusha mguu juu ya mtaimbo, na wengi huangukia hapo hapo, kabla ya kwenda hatua moja. Fremu iliyoshuka katikati, ile tuliyozoea kuiita ya kike, humruhusu mtu kupita kwa hatua ya kawaida, tena haishindani na kanzu wala buibui. Mke hakuwa na neno. Mume aliizunguka mara tatu, akaipanda, akaenda hadi mwisho wa njia na kurudi, kisha akasema hana haja ya kuumiza kiuno chake ili kuwafurahisha vijana wa pancha. Hivyo tukachukua mbili za fremu ya kushuka. Yake ni ya mtumba, ya chuma, yenye gia tatu ndani ya habu. Sehemu ya fedha zilizobaki tulimpa fundi alisuke upya gurudumu la nyuma kwa spoki 36 nene. Ya mke ni mpya, ya magurudumu ya inchi 26, ina kikapu mbele na kava kamili la mnyororo, ili pindo la buibui lisinaswe.

Kiti kilitushangaza. Tulidhani mtu mnene anahitaji kiti kama mto. Fundi alikataa: mtu hukalia mifupa yake miwili ya makalio, na kiti laini mno humezamisha mifupa hiyo na kumchubua mapajani. Tukachukua viti vipana kiasi, vigumu kiasi. Kwa urefu wa kiti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu na uwe umenyooka. Mwanzoni tulivishusha kidogo ili nyayo ziguse ardhi, kisha tukavipandisha polepole kadiri hofu ilivyopungua, kwani kiti cha chini hulibana goti.

Sasa twapanda baada ya sala ya alfajiri, kandokando ya bahari kule Mama Ngina, kabla magari hayajawa mengi. Tulianza kwa dakika kumi. Baada ya mwezi tulirudi kwa fundi akazikaza spoki, kwa sababu gurudumu lililosukwa upya hulegea kidogo mwanzoni. Chumvi ya bahari haina huruma na chuma, kwa hivyo hufuta kwa kitambaa cha maji baridi yasiyo ya chumvi, hukausha, na hutia mnyororo mafuta kila wiki.

Macho ya watu hayakukosekana. Jirani mmoja alituuliza kwa upole kama gari limeharibika. Jamaa mwingine alimuuliza mke kama haoni haya, naye akamjibu kwamba haya angeiona siku ya kubebwa na wanawe kupandishwa ngazi. Swali hilo halikurudi. Tumeona kwamba watu hucheka kwa muda wa juma moja au mawili, kisha huzoea, na wengine huanza kuuliza bei.

Hatukugeuka vijana. Baada ya miezi tisa, mwenye kilo 118 ana kilo 111 na mwenye kilo 94 ana kilo 90. Sukari imetulia zaidi kuliko awali, pamoja na dawa na chakula tulichopunguza. Magoti hupanda ngazi za nyumba yetu, ghorofa mbili, bila ya kusimama katikati. Kwa wengine haya ni madogo. Kwetu ni tofauti baina ya kwenda kuwaona wajukuu na kungoja waletwe.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari amuulize daktari wake kwanza, kwani mazoezi nayo huishusha; sisi hatutoki bila ya tende chache mfukoni. Na yeyote anayekusudia kurejea baiskelini, aanzie kwenye mizani, aishike ile namba, aende nayo kwa fundi na kuitamka kwa sauti. Fundi akimcheka, amtafute mwingine. Akichukua spana na kuanza kulikagua gurudumu la nyuma, basi huyo ndiye wa kununua kwake.