Mnyonge wa Mwili, Mnyonge wa Haki

Katika miaka yote niliyofundisha Kiswahili shule za sekondari, neno moja halikupata kunichosha: mnyonge. Ukilitafuta kamusini utalikuta limebeba mizigo miwili. Mnyonge ni mtu asiye na nguvu, aliyedhoofishwa na ugonjwa au njaa. Mnyonge huyo huyo ni fukara asiye na uwezo, anayeonewa na asiwe na wa kumsemea. Aliyekesha kwa homa husema, “Leo nimeamka mnyonge.” Aliyenyang'anywa shamba naye husema, “Sisi wanyonge tutakwenda wapi?” Neno ni lile lile, ngeli ni ile ile, na msikilizaji hahitaji kuelezwa imekusudiwa maana ipi. Waliotuachia lugha hii hawakuona haja ya kuutenga udhaifu wa mwili na udhaifu wa haki.

Nimestaafu sasa, ninaishi Mpanda, na nina sababu ya mwilini ya kulifikiria upya neno hili, kwa kuwa nina kisukari. Haya ninayoyaandika ni mawazo ya baba wa watoto wanne, mpenzi wa muziki wa dansi, ambaye kila asubuhi hujichoma kidole kwa sindano ndogo kabla ya kunywa chai.

Darasani nilikuwa na desturi ya kuandika ubaoni semi mbili. Ya kwanza ni “mnyonge hana haki”. Ya pili ni “mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni”. Wanafunzi walifurahia mlio wa huo wa pili, jinsi nomino “mnyonge” inavyogongana na kitenzi “mnyongeni”, kana kwamba jina lenyewe limekwisha kumtia mtu kitanzi shingoni. Baada ya kicheko niliwataka watazame sarufi. Usemi wa kwanza ni taarifa, unaeleza hali ya dunia. Wa pili ni amri ya wingi, tena una kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi: m-pe-ni. Kuna anayepewa na kuna wanaoamriwa kutoa. Wa kwanza unaweza kuusema ukiwa umeketi barazani. Wa pili unakutaka uinuke.

Kizazi chetu kililipata neno hili mapema. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na maelezo yake kuhusu unyonge wetu kuwa chanzo cha kuonewa kwetu tuliyakariri kabla ya kuyaelewa. Tuliyaimba mstarini, tukipiga miguu vumbini. Baadaye nilipokwenda Butimba, Mwanza, kusomea ualimu, nilijifunza pia kupiga gitaa, nyuzi chache tu, kwa kuigiza yale tuliyoyasikia Redio Tanzania: Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba azimio hukaa kichwani, lakini wimbo hushuka mpaka magotini.

Aliyenifunza neno mnyonge kuliko kamusi ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, kisha akawa kinara wa Super Matimila. Katika chumba cha walimu tulibishana sana juu ya Kiswahili chake. Wapo walioona kuwa kimepinda, chenye ladha ya Kingwana cha Maniema, hakifai masikioni mwa wanafunzi. Mimi niliuliza, na bado nauliza: katika watungaji wa siku zile waliokisema Kiswahili kilichonyooka, ni nani aliyelipa neno mnyonge sauti nene kuliko ya mgeni huyu? Aliimba juu ya kifo, fedha, mpangaji na mpangishaji, na wimbo wake mmoja aliuita “Sauti ya Mnyonge” bila kuomba radhi. Watu walicheza mpaka jasho likawatoka, na njiani wakirudi nyumbani ndipo maneno yakaanza kuwachoma.

Tena aliijua siha kuwa ni suala la haki. UKIMWI ulipoanza kutuvunia vijana, lugha yetu ilikimbilia tafsida. Aliyeambukizwa tulisema “amekanyaga miwaya”, na vijana wakaifumbua AIDS kwa mzaha wa “Acha Iniue Dogodogo Siachi”. Tafsida hizo zilituhifadhia adabu huku makaburi yakiongezeka. Remmy akaja na “Mambo kwa Soksi”. Soksi nayo ni tafsida, lakini ni ya aina nyingine, kwa kuwa inamwambia msikilizaji afanye nini. Redio ya taifa haikuupiga, na zama zile hatukuwa na nyingine. Kaseti zikatufikia kwa treni ndani ya mabegi ya abiria, na najua vijana walioupata ujumbe ule kwenye wimbo kabla hawajaupata kwa mwalimu au mganga yeyote. Washairi tunapojadili tafsida, tusiishie kuuliza iwapo imemstahi msikilizaji. Tuulize pia kama imemwacha hai.

Sasa nirudi kwetu. Mpanda ni mji wa mwisho wa reli. Tawi la kutoka Kaliua lilifika huku karibu mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Risasi ikapungua, reli ikabaki, nasi tukabaki nayo: Wakonongo, Wapimbwe, Wabende, Wafipa, Waha, Wasukuma na ng'ombe wao. Mwaka 2012 tukatengwa na Rukwa, tukawa Mkoa wa Katavi. Katika reli hiyo, kabla hujaingia Mpanda, kuna Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Waliotoka Katumba nimewafundisha wengi. Kwaya zao zilikuwa na besi ambayo sijaisikia kwingine, na insha zao hazikuwa haba.

Ila waliitwa wakimbizi. Mnalijua umbo la neno hilo: kitenzi kimbia, kiambishi m- mwanzoni, tamati -zi mwishoni, tupate jina la mtenda. Mkimbizi ni yule aliyekimbia. Mtoto aliyezaliwa Katumba, akaota meno Katumba, akasoma kwangu mpaka kidato cha nne, alikimbia kutoka wapi? Sarufi ilimfanya mtenda wa kitendo ambacho hakukitenda. Baadaye serikali iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi lile la mwaka 1972, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Tendo hilo ni kubwa, na nchi yetu inastahili kulionea fahari. Hata hivyo cheti hubadilisha daftari siku moja, na midomo ya watu huchukua kizazi.

Jirani yangu ni mmoja wao. Ni fundi wa kufyatua matofali. Nyumba ninamoandikia haya imejengwa kwa matofali ya tanuru lake. Ni mpenzi wa Remmy kama mimi, na Jumapili jioni tumezoea kuketi chini ya mwembe wangu, yeye na redio yake, mimi na gitaa lisilo na uzi wa sita. Miaka michache iliyopita tulipimwa sukari katika wiki moja, na wote wawili tukakutwa nayo.

Walioishi na kisukari wanajua namna yake. Sukari ikizidi damuni kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo na neva za miguuni, nyayo zikafa ganzi. Mtu akichomwa na mwiba hasikii, na asiposikia hatibu. Mimi nilikuwa na kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ule ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza na watumishi wa serikali, nami nikiwa mstaafu ningali nanufaika. Nilipata vidonge, kipimo na ushauri wa miguu. Jirani yangu alinunua vidonge siku za matofali kuuzika, na masika, tofali zisipokauka, alikaa bila vidonge. Siku moja alikanyaga kaa la moto tanuruni na hakujua mpaka mkewe alipoiona ndara imeungua. Kidonda kikaanza. Akakitia majani, akakitia chumvi, akangoja tanuru liuzwe. Alipofikishwa hospitali, mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, bila kinyongo, “Mwalimu, ugonjwa wetu ni mmoja, ila wewe unaugua na kadi.”

Tulimchangia. Mtaa ulipitisha daftari, kila nyumba ikatoa ilichojaliwa, na mimi nikatoa changu. Ni utu, na Mungu atujalie tusiuache. Lakini mchango ni mchango tu. Lugha yenyewe inatutahadharisha: msaada huombwa, haki hudaiwa. Anayeomba msaada huinamisha kichwa na kushukuru hata kwa kidogo. Anayedai haki husimama wima, na akipewa nusu huuliza nusu nyingine i wapi. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nililitazama zaidi neno la mwisho la jina lake: wote. Ni neno fupi, nalo lina ahadi kubwa. Nitaipima sheria hiyo kwa kigezo kimoja, siku mfyatua matofali atakapopata vidonge vyake masika kama kiangazi.

Nyumbani, maradhi yangu yamekuwa ya wote kwa njia nyingine. Mama watoto alikataa katakata nipikiwe sufuria ya peke yangu. “Baba wa nyumba hali kama mfungwa,” alisema, na tangu siku hiyo familia nzima hula dona kidogo na mboga nyingi, mlenda, maharage, na migebuka ya Ziwa Tanganyika inapofika sokoni. Binti yangu wa kwanza, ambaye ni muuguzi, hunipigia simu kuuliza namba ya asubuhi kabla hata ya kunisalimu. Tendo hilo la kula chungu kimoja limenifunza maana ya usawa kuliko hotuba nilizozisikia. Aliye dhaifu hakutengwa, na wenye nguvu wakabadili mlo wao kidogo ili akae nao mkekani.

Kitindamimba wangu anaendesha bodaboda na kupiga gitaa harusini. Namsihi atunge juu ya mambo haya, naye hunijibu kuwa watu harusini wanataka kucheza. Nikimwambia Remmy aliwachezesha watu huku akiwasema, hucheka: “Baba, Remmy alichezwa kwanza, akasikilizwa baadaye.” Sina jibu la kumshinda. Huenda hapo ndipo ilipo siri ambayo sisi wa bahari ya tarbia tunaisahau, tukidhani mizani ikitimia kazi imekwisha.

Hata hivyo tumekubaliana ubeti mmoja. Maneno ni yangu, muziki utakuwa wake:

Mnyonge si jina lake, ni hali tuliyompa,
Dawa zipo mbali kwake, hana kitu cha kulipa,
Kavunja mgongo wake, kajenga nyumba za hapa,
Tumpeni haki yake, si sadaka ya kutupa.

Alitaka niulainishe mstari wa mwisho, akihofu kwamba wanaotuza harusini watadhani wanasemwa wao. Nimeukatalia. Jirani yangu, tulipomwimbia, aliurudia mstari wa tatu mara mbili, akaigonga nyumba yangu ukutani kwa mkongojo wake mpya. Linalobaki ni mahadhi. Kijana anataka ya haraka ili watu wainuke, mimi nataka ya taratibu ili maneno yasikike, na mpaka leo hatujaafikiana.